Papa wa Miaka Thelathini, Mradi wa Miaka Mitatu

Mwezi wa Mei ukielekea ukingoni, jua likishazama, vijana wachache huingia majini kwenye hori za mikoko za Bimini, visiwa vidogo vya Bahama vilivyo takriban kilomita 80 mashariki ya jiji la Miami. Maji yanawafika kiunoni. Wana taa za kichwani na wameshatandaza wavu mrefu unaokata njia ya samaki. Kazi yao mpaka alfajiri ni kuupitia wavu huo kila robo saa, ili atakayenasa asife kwa kukosa pumzi. Boya likicheza, wanakimbilia. Mara nyingi aliyenasa ni papa mchanga, urefu wake haupiti mkono wa mtu mzima, hasira zake kubwa kuliko meno yake.

Anapinduliwa chali. Papa akigeuzwa tumbo juu hutulia kama aliyelogwa, na utulivu huo wa dakika chache hutumika kumpima, kumkata kipande kidogo cha pezi kwa ajili ya vinasaba, na kumpenyezea chini ya ngozi kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele. Ndani ya kidude hicho mna namba ambayo hatapewa papa mwingine. Kisha anawekwa kizimbani pamoja na wenzake, asije akanaswa tena na kuhesabiwa mara mbili. Usiku sita mfululizo upande mmoja wa kisiwa, halafu upande wa pili. Mbu hawahesabiwi.

Sensa hii ilianza mwaka 1995 na imekuwa ikirudiwa mwaka hadi mwaka, mahali palepale, kwa nyavu za aina ileile.

Ukimwuliza mtu wa kawaida utafiti wa papa unagharimu nini, atataja meli, kamera za chini ya maji na vifaa vya setilaiti. Vyote vipo. Lakini usiku kama huo unagharimu petroli, mashine ya boti isiyozimika katikati ya hori, nyavu za kushika nafasi ya zile zilizochanika, betri za taa, na sufuria kubwa ya chakula kwa watu watakaorudi wamelowa chapachapa. Hakuna taasisi kubwa inayoona fahari kutundika jina lake juu ya sufuria hiyo. Kituo kinachofanya kazi hii, Bimini Biological Field Station, ambacho karibu kila mtu hukiita Shark Lab, kimeishi zaidi ya miaka 30 kwa michango, ada za wanaokuja kujifunza na jasho la watu wa kujitolea. Na historia yake inaonyesha jambo ambalo wafadhili wengi hawapendi kulisikia: fedha ndogo isiyo na masharti mengi, inayorudi kila mwaka, imeifaa sayansi ya papa kuliko kitita kinachofika mara moja kwa mbwembwe kisha kikaondoka na aliyekileta.

Mwanzilishi wake, Samuel Gruber, alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Miami, mzaliwa wa Brooklyn mwaka 1938, na wanafunzi wake walimwita "Doc" mpaka mwisho. Mwaka 1975, mwaka uleule ambao filamu ya Jaws ilitia watu wa dunia nzima hofu ya kuoga baharini, yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo lakini la kushangaza. Papa akiwashiwa taa kisha akapewa mshtuko mdogo wa umeme, baada ya muda hujifunza kufumba utando wa jicho mara tu taa inapowaka, kabla umeme haujamfikia. Maana yake ni kwamba papa anajifunza. Zama zile wengi walimwona kama tumbo linaloogelea.

Papa aliyetumika ni yule ambaye Waingereza humtaja kwa limau kwa sababu ya ngozi yake ya kimanjano. Tumwite papa-limau. Ndugu yake wa karibu anaishi Bahari ya Hindi, hadi kwenye mwambao wa Afrika Mashariki. Ni papa wa maji ya kina kifupi, mvumilivu akishikwa, na watoto wake hukulia kwenye mikoko ambako mtu anaweza kuwafuata kwa miguu. Kwa mtafiti asiye na meli, huyo ni neema.

Mwaka 1990 Gruber alifungua kituo chake Bimini ya Kusini. Hakuwa wa kwanza kuleta maabara visiwani humo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Michael Lerner, tajiri wa maduka ya nguo na mvuvi wa samaki wakubwa kwa ajili ya mchezo, aliwezesha kujengwa Bimini ya Kaskazini maabara iliyoendeshwa chini ya Jumba la Kumbukumbu la Historia ya Asili la Marekani, lililoko New York. Ilikuwa maabara ya heshima, na wataalamu wa papa waliotamba enzi zile walipita hapo. Katika miaka ya 1970 ikafungwa. Leo jina la Lerner linakumbukwa zaidi na wavuvi wa michezo kuliko na wanasayansi. Kituo kilichokuja baadaye, kisicho na tajiri mmoja wa kukibeba mgongoni, kimeshapita umri wa kile cha mwanzo.

Fedha za utafiti wa papa zimekuwa na tabia ya kufuata hofu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, jeshi la majini la Marekani lilitoa fedha kuwachunguza samaki hawa kwa sababu lilitaka dawa ya kuwafukuza wasiwaguse mabaharia waliozama na marubani walioanguka baharini. Hofu ilipopungua, mfuko nao ukapungua. Kwa papa mwenyewe hakuna aliyeuliza.

Siku hizi mfadhili wa kawaida ni mfuko wa utafiti. Unaandika ombi, unaeleza maswali yako, unataja matokeo utakayoyapata hata kabla hujayatafuta, na ukibahatika unapewa miaka miwili au mitatu. Ikizidi sana, mitano. Kwa mtu anayechunguza bakteria, miaka mitatu ni vizazi kwa maelfu. Sasa mtazame papa-limau. Hukaa kwenye mikoko ya utotoni miaka miwili mitatu hivi kabla ya kuthubutu kutoka nje. Hukomaa akiwa na umri wa miaka kumi na miwili au zaidi. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mara moja tu kila baada ya miaka miwili. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa kwa papa wa Bimini hao hao umeonyesha kwamba anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anakuja, anakusanya takwimu, anaandika, anavaa joho, anaoa, na papa aliyemwekea namba bado hajabalehe.

Kuna swali moja ambalo watafiti wa Bimini walikuwa nalo tangu mwanzo: je, papa jike hurudi kuzaa mahali alipozaliwa yeye mwenyewe? Kasa hufanya hivyo, na samaki aina ya samoni pia. Kuhusu papa watu walikuwa wakikisia. Kulijibu swali hilo hakukuhitaji mtambo wa ajabu. Kulihitaji kumshika mtoto, kuchukua kipande cha pezi, kukihifadhi, kisha kusubiri. Na katika miaka yote ya kusubiri, kuendelea kuwashika watoto wa kila msimu, ili siku mama akirudi, vinasaba vya wanawe vimtaje.

Jibu lilikuja mwishoni mwa mwaka 2013, katika utafiti ulioongozwa na Kevin Feldheim wa jumba la kumbukumbu la Field mjini Chicago akishirikiana na kituo. Majike wasiopungua sita, waliozaliwa Bimini kati ya 1993 na 1997, walikuwa wamerudi kuzaa huko huko miaka 14 hadi 17 baadaye. Nyuma ya sentensi hiyo moja kuna papa zaidi ya 2,000 walioshikwa mmoja mmoja kwa mikono, usiku, mwaka baada ya mwaka. Kama fedha ingekatika mwaka 2001 au 2007, majike wale wangerudi vilevile na wasingepata mtu wa kuwapokea. Wala hakuna ruzuku ambayo ingeweza kuandikwa mwaka 1995 ikiahidi matokeo mwaka 2013. Mfadhili angecheka.

Faida ya matokeo hayo haibaki kwenye vitabu. Ikiwa jike hurudi kwao kuzaa, basi hori moja ikifukiwa haimaanishi kwamba atahamia hori ya jirani. Kizazi cha papa wa mahali hapo kinaweza kukatika hata kama bahari imejaa papa wengine.

Na Bimini hori zilifukiwa kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ujenzi wa hoteli kubwa na makazi ya kitalii upande wa kaskazini ulileta mashine za kuchimba mchanga chini ya bahari na misumeno ya kukata mikoko. Mabishano yalikuwa makali: kazi kwa wenyeji upande huu, mazalia ya samaki upande ule. Katika ugomvi wa namna hiyo, mara nyingi mwenye mradi huja na michoro ya rangi na mtetezi wa mazingira huja na uchungu wa moyo. Safari hii kulikuwa na daftari. Kwa kuwa sensa ilianza kabla ya uchimbaji, watafiti waliweza kulinganisha hali ya awali na ya baadaye, na mwaka 2008 walichapisha walichokiona: uwezekano wa papa mchanga kuuvuka mwaka wake wa kwanza ulishuka kwa takriban asilimia 23 baada ya uchimbaji. Majani ya baharini yalipungua pia. Namba hiyo haikuizuia hoteli. Lakini tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba papa "wamehama tu".

Hapo ndipo kazi ya mchango mdogo inapoonekana wazi. Hakuna mfuko wa dunia utakaomlipa mtu kuhesabu papa mahali ambapo hakuna tatizo, kwa kubahatisha kwamba tatizo litakuja. Mifuko hulipa moto ukishawaka. Anayelipia hesabu ya kabla ya moto ni yule mama mstaafu aliyepeleka dola zake ishirini kwa sababu aliwahi kuona picha ya papa mchanga akamhurumia. Hajui kwamba amenunua ushahidi. Wala si lazima ajue.

Serikali ya Bahama, kwa haki yake, ilikuwa na masikio. Mwaka 1993 ilipiga marufuku uvuvi wa dhulumati, zile kamba ndefu zenye ndoana nyingi, na kwa sababu hiyo maji yake yakabaki na papa wakati ya majirani yakikauka. Julai 2011 ikaenda mbali zaidi: uvuvi wa papa kibiashara, pamoja na kuuza na kusafirisha papa na mapezi yake, ukakatazwa katika eneo la bahari la takriban kilomita za mraba 630,000. Si kazi ya Bimini peke yake. Shirika la hifadhi la nchi hiyo, Bahamas National Trust, na wanaharakati wa kimataifa walipiga kampeni kwa nguvu, na wapiga mbizi walitia sahihi. Ila sheria ya aina hiyo husimama vizuri zaidi nchi inapokuwa na watu walioishi na papa wake kwa miongo miwili na kuwajua kwa namba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba utalii wa kupiga mbizi na papa huiingizia Bahama takriban dola milioni 113.8 kwa mwaka. Papa aliye hai amekuwa mwajiri.

Kwingineko habari si hiyo. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha hesabu ya wataalamu kwamba papa na taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 kati ya 1970 na 2018, hasa kwa sababu ya uvuvi. Ili upungufu ujulikane, ni lazima mtu awe amehesabu mwanzoni, na kwa sehemu nyingi za bahari hakuna aliyefanya hivyo.

Basi fedha za kituo hutoka wapi hasa? Hutoka kila mahali, kama za mjane mwenye watoto wengi. Kuna ruzuku, zinapopatikana. Kuna wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokuja na kozi zao na kulipia. Kuna wageni wanaotembezwa kwenye vizimba vya majini na kuelezwa habari za papa wachanga. Kuna watengeneza filamu wanaomfuata papa-nyundo mkubwa, yule ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita pingusi, ambaye hufika Bimini katika miezi ya baridi. Kuna watu binafsi, wengi wao Wamarekani, ambao hutoa kidogo kidogo kupitia taasisi ya hisani iliyosajiliwa kwa ajili hiyo. Na kuna watu wa kujitolea, ambao hulipa kila mwezi gharama za chakula na malazi yao, kisha wakafanya kazi tangu alfajiri: kushona nyavu, kuosha boti, kupika kwa zamu, na kuamka saa nane za usiku kukagua ndoana.

Mfumo huu una dosari zake, na anayeusifu bila kuzitaja anadanganya. Ukimtaka kijana alipe ili afanye kazi, utapata watoto wa wenye nacho. Kijana wa Nassau au wa Bimini yenyewe, ambaye bahari ni ya kwao, mara nyingi hana uwezo wa kukaa miezi bila mshahara. Vituo vingi vya utafiti wa bahari katika nchi za joto vimejikuta vimejaa wageni wanaowatafiti samaki wa watu wengine, huku mwenyeji akiwa nahodha au mpishi. Dosari ya pili ni kwamba mchangiaji ana macho. Anampenda pingusi kwa sababu ya kichwa chake cha ajabu, anampenda papa mkubwa mwenye milia, lakini nani atatoa pesa kwa ajili ya taa mdogo aliyejifukia mchangani, au kwa majani ya baharini anayoyalalia? Kituo kinachoishi kwa michango hujikuta kikimvalisha papa vizuri kabla ya kumpeleka mbele za watu.

Ya tatu ni ya kila siku. Wafadhili hupenda kununua kitu chenye jina. Atatoa fedha za kifaa cha setilaiti cha kufungwa kwenye pezi, apate na ramani ya kumwonyesha mwanawe, lakini ukimwambia kwamba boti ya kwenda kukifunga haina plagi, uso unabadilika. Viongozi wa vituo vidogo hutumia siku nyingi za mwaka kuandika barua za shukrani na ripoti. Hayo nayo ni matumizi ya fedha ya mchangiaji, ingawa hayapigwi picha.

Zipo njia nyingine. Karibu na kwetu, katika visiwa vya nje vya Ushelisheli, kuna kituo cha utafiti cha D'Arros, kilichoanzishwa mwaka 2004. Kinaendeshwa na wakfu wa Save Our Seas, wenye makao Geneva, ulioanzishwa mwaka 2003 na Msaudia, Abdulmohsen Abdulmalik Al-Sheikh. Kisiwa chenyewe na atoli jirani ya St Joseph, ambavyo kabla yake vilihusishwa na Liliane Bettencourt, mrithi wa kampuni ya vipodozi ya L'Oréal, viliingia mikononi mwa wahifadhi hao mwaka 2012. Hapo papa-limau wa Bahari ya Hindi na papa wa miambani wenye ncha nyeusi za mapezi wamefuatiliwa kwa miaka, bila presha ya kuuza fulana ili mashine ipate mafuta. Tajiri mmoja mwenye nia njema anaweza kufanya kwa siku moja yale ambayo wachangiaji elfu hawayafikii kwa mwaka. Ni heri kubwa kwa Ushelisheli. Ila kila aliyewahi kusikia habari za maabara ya Lerner ana haki ya kuuliza nani atashika mpini baadaye, na wakfu umejengwa kwa kiasi gani kuishi bila mwasisi wake. Gruber alifariki Aprili 2019. Kituo chake hakikufungwa, kwa kuwa hakikuwa kikila kutoka mfuko wake peke yake.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, yote haya yanaweza kusikika kama habari za ng'ambo. Si hivyo. Kisiwani Mafia, mbele ya Kilindoni, huonekana papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, yule aitwaye potwe, na ambaye wavuvi wa upande wa Kenya humwita papa shilingi kwa yale madoa meupe mgongoni, yaliyotawanyika kama sarafu alizomwagiwa. Madoa hayo ndiyo kitambulisho chake: hakuna potwe wawili wenye mpangilio mmoja, na picha iliyopigwa nyuma ya matamvua inatosha kumtambua akirudi mwaka ujao. Wageni humwona zaidi kati ya Oktoba na Februari au Machi, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba miezi mingine huenda zake mbali.

Watafiti wa kigeni wakishirikiana na wenyeji waliwafunga potwe vidude vinavyotoa sauti, wakaweka chini ya bahari vipokezi vya kuinasa sauti hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalipindua imani ile. Potwe wengi wa Mafia hawaondoki. Msimu ukibadilika husogea mbali kidogo na ufukwe na kuzama chini zaidi, mahali ambapo jicho la mtu botini haliwafikii. Ni wakazi. Anayetandaza jarife mwezi wa Juni anatandaza juu ya mali ileile inayoleta watalii mwezi wa Desemba, na sera ya uvuvi inayolinda msimu mmoja tu inawalinda nusu.

Mradi ule ulikuwa na mwanzo na mwisho, kama miradi yote. Kipokezi cha sauti hukaa chini ya maji na betri yake hudumu mwaka mmoja na ushei. Baada ya hapo ni lazima mzamiaji ashuke, akifungue, achukue takwimu, abadilishe betri, akirudishe. Asiposhuka, pale chini panabaki bomba la plastiki lililoota chaza.

Wataalamu wapo. Zanzibar ina Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1978. Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao Mombasa. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wote huu, ina makao Zanzibar na imewalea watafiti wengi vijana, ingawa kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za ruzuku zake imetoka Sweden. Hakuna ubaya kupokea kutoka kwa Waswidi. Ubaya ni kwamba ratiba ya nani ahesabiwe, lini na kwa muda gani, hupangwa na mwenye mfuko, na mwenye mfuko ana uchaguzi nchini kwake na vipaumbele vyake.

Kinachoshangaza ni kwamba hakuna watu duniani wanaojua kuchanga kuliko watu wa nchi hizi. Harusi ya mtoto wa jirani ina kamati, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina kadi, ina ahadi, ina vikao vya Jumapili, ina kundi la simu ambamo orodha ya waliokwisha kutoa na wasiotoa hubandikwa bila haya. Mamilioni ya shilingi hukusanywa kwa miezi mitatu na kuliwa usiku mmoja. Msiba hauhitaji hata kadi. Shule zilijengwa kwa harambee, misikiti na makanisa hujengwa kwa njia hiyo hiyo. Lakini tangu lini kadi ya mchango ilipita mitaani kwa ajili ya kumhesabu samaki?

Mtu atasema watu wana njaa, papa baadaye. Hoja hiyo ina uzito Kilindoni, ambako mvuvi aliyepata papa mdogo kwenye jarife ana ada ya shule ya kulipa, na papa mkavu bado ana wateja wake. Haina uzito kwa hoteli inayomuuza potwe kwenye tangazo lake, kwa mwenye boti anayepakia watalii alfajiri kwenda kuogelea naye, wala kwa mkazi wa Masaki au Nyali anayepeleka watoto pwani kila likizo na kujiita mpenzi wa bahari. Hao ndio wa kuanza nao. Kiasi kisichobadilika kwa kila kichwa kinachopanda boti, kikawekwa kwenye mfuko unaosimamiwa Mafia kwenyewe, hesabu zake zikabandikwa ubaoni kila mwaka ili mvuvi na mwenye hoteli wazisome pamoja, kingetosha kuanzisha kitu ambacho hakitasubiri barua kutoka Ulaya.

Na kosa la Bimini lingeepukwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwalipa vijana wa Mafia kufanya kazi hiyo badala ya kuwatoza. Vinavyohitajika si siri: mzamiaji mmoja mwenye cheti na msaidizi wake, mitungi ya hewa, boti yenye mashine ya kuaminika, petroli, kamera ya kupigia picha madoa, betri za vipokezi, kompyuta ya kuhifadhi takwimu, na chakula cha mchana. Bajeti ya namna hiyo inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na kuanzia Tanga mpaka Lindi hakuna kamati ya harusi isiyokuwa na mtu anayejua kuiandika.